Wimbo Unaopokewa: Nyangumi na Muziki wa Binadamu



Sauti mliyoisikia sasa hivi ni ya nyangumi dume mwenye nundu. Alirekodiwa karibu na visiwa vya Bermuda, katika Bahari ya Atlantiki, na mimi sikuongeza ala yoyote wala sikubadilisha kasi. Alianza kwa mngurumo wa chini kabisa. Mngurumo ukapanda taratibu, ukakonda, ukawa ukelele mwembamba, ukakatika. Kimya kidogo. Kisha mngurumo uleule, ukapanda vilevile, ukakatikia palepale. Alipokwisha kuurudia mara kadhaa akaingia kwenye milio mifupi ya kukwaruza, nayo akairudia, halafu akahamia sehemu ya tatu. Nimewaona wapiga ngoma mliokaa pale mbele mkitikisa vichwa hata kabla ya sehemu ya pili kwisha. Hamkuambiwa na mtu kwamba kuna mpangilio humo, mmeusikia wenyewe.

Hoja ninayotaka kuitetea ni moja. Wimbo wa nyangumi na muziki wetu havikutani katika utamu wa sauti, wala katika majonzi tunayodhani tunayasikia humo. Vinakutana katika maisha ya wimbo wenyewe. Wimbo wa nyangumi hufunzwa na mwingine, huimbwa na jamii nzima, hugeuzwa kidogo kidogo na kila kizazi cha waimbaji, husafiri kutoka maji haya hadi maji yale, na siku moja huachwa kwa sababu umefika mwingine mpya. Hayo ni mapokeo. Nyangumi wana mapokeo ya muziki, na waliyapata bila sisi.

Tuanze na watu waliolifungua sikio la dunia. Katika miaka ya 1950, enzi za uhasama kati ya Marekani na Urusi ya Kisovieti, jeshi la wanamaji la Marekani lilitandaza haidrofoni, yaani maikrofoni za majini, katika bahari ya Bermuda. Mhandisi mmoja, Frank Watlington, alikuwa akisikiliza kinachopita huko chini, na mara kwa mara kanda zake zilinasa sauti ambazo hazikuwa za chombo chochote cha binadamu. Akazitunza kwa siri, akihofia wawindaji wa nyangumi wasije wakazitumia kutafutia mawindo. Miaka ya 1960 ikielekea ukingoni, alitembelewa na Roger Payne, mwanabaiolojia aliyekuwa ametafiti masikio ya popo na bundi, pamoja na mkewe Katy, aliyesomea muziki na baiolojia katika Chuo Kikuu cha Cornell. Watlington aliwasikilizisha kanda hizo ndani ya meli, katikati ya kelele za mitambo. Katy Payne amesimulia kwamba machozi yaliwatoka. Watlington akawapa kanda waende nazo, akitumaini kwamba zingesaidia kuwaokoa wanyama hao.

Machozi peke yake hayakutosha. Kanda zikapitishwa kwenye mashine inayochora sauti kwenye karatasi: wakati ukienda kutoka kushoto hadi kulia, sauti ya juu ikichorwa juu na ya chini ikichorwa chini. Karatasi ndefu zikatandikwa sakafuni. Scott McVay na mkewe Hella walikuwa miongoni mwa waliozikagua, na kilichoonekana kwenye michoro kilikuwa wazi: baada ya dakika kadhaa, michirizi ileile inarudi kwa mfuatano uleule. Agosti 1971 Roger Payne na Scott McVay walichapisha uchunguzi huo katika jarida la Science, wakaonyesha kwamba wimbo mmoja huchukua takriban dakika 7 hadi 30, kisha mwimbaji huuanza upya pasipo kusita. Watafiti wengine baadaye walimfuatilia nyangumi aliyeimba kwa zaidi ya saa 20.

Nieleze umbo la wimbo huo kwa istilahi zetu wenyewe, maana zinatosha kabisa. Kuna mlio mmoja mmoja. Milio kadhaa huunda mshororo. Mshororo ule hurudiwa mara tatu, mara tano, pengine zaidi, na marudio hayo kwa pamoja ni ubeti. Beti kadhaa, kila moja ikiwa na mshororo wake, hufuatana kwa utaratibu maalumu, na mfuatano huo ndio wimbo. Mwimbaji anaweza kurefusha ubeti kwa kurudia zaidi, au kuufupisha, lakini haruki huku na huko ovyo. Nyangumi wote madume wa eneo moja, katika msimu mmoja, huimba wimbo mmoja. Wanaoimba ni madume tu, na zaidi huimba wakiwa kwenye maji ya joto wanakopandana na kuzaa.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo mshairi wa Kiswahili atalielewa haraka kuliko mtu mwingine. Mwaka 1988 Linda Guinee na Katy Payne walitoa uchunguzi wa mamia ya nyimbo za nyangumi. Waligundua kwamba baadhi ya nyimbo zina mishororo inayofanana mwishoni ingawa beti ni tofauti. Yaani zina kitu kinachofanya kazi kama vina. Na waligundua kwamba vina hivyo hujitokeza zaidi katika nyimbo zenye beti nyingi, zile ambazo ni ngumu zaidi kuzikumbuka. Fasiri waliyoitoa ni kwamba huenda vina humsaidia nyangumi kukumbuka kinachofuata.

Sasa fikirieni utenzi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Mizani nane kwa kila kipande, vipande vinne, na kina cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti tangu mwanzo hadi tamati. Wasomaji wa zamani katika majumba ya Lamu na Pate waliweza kuusoma utenzi mrefu usiku kucha, na msikilizaji aliyepitiwa na usingizi alirejeshwa na kina kile kile. Vina havikuwa urembo tu. Vilikuwa kamba ya kushikia kumbukumbu. Kumkuta kiumbe mwenye uzito wa tani 30, asiye na mkono wa kushika kalamu, akielekea kwenye njia ileile anapobeba wimbo mrefu kichwani, ni jambo linalonishangaza hadi leo, na sioni haya kusema hivyo mbele yenu.

Namna anavyoimba inaeleza mengi. Mara nyingi hujining'iniza kichwa chini, mita 15 hadi 30 kutoka juu ya maji, mabawa yake marefu yamenyooshwa pembeni, mwili umetulia. Hakuna mapovu yanayotoka. Mwaka 2024 timu ya Coen Elemans wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark ilichapisha katika jarida la Nature majaribio waliyofanya kwa vikoromeo vya nyangumi waliokufa baada ya kukwama ufukweni. Walipopuliza hewa ndani yake waliona kwamba kikoromeo cha nyangumi hawa kina umbo la pekee: gegedu ndefu zilizoungana kama herufi U hukandamizwa dhidi ya mto wa mafuta, na hewa inapopita kati yake mtetemo huzaliwa. Hewa ile haipotei. Husukumwa huku, ikarudishwa kule, ikatumika tena. Mwimbaji wa kwetu hukata pumzi mwishoni mwa mshororo. Nyangumi hupanda kuvuta hewa kila baada ya dakika nyingi, na katika nyimbo fulani kuna sehemu maalumu ambayo kwa kawaida huimbwa wakati wa kupanda. Pumzi na umbo la wimbo vimefungamana kwake pia.

Nije sasa kwenye kiini cha hoja yangu, yaani mabadiliko.

Katy Payne ndiye aliyekuwa na subira ya kulinganisha kanda za miaka tofauti. Akiwa na rekodi za Bermuda zilizokusanywa kwa karibu miongo miwili, na baadaye rekodi za Hawaii, alionyesha kwamba wimbo haubaki ulivyo. Mlio mmoja hurefushwa msimu huu. Msimu ujao mlio mwingine huongezwa kabla yake. Ubeti mzima hufifia, na baada ya miaka michache haumo. Na la ajabu, waimbaji wote hubadilika pamoja. Hakuna anayebaki na wimbo wa mwaka juzi. Maana yake ni kwamba kila mmoja anawasikiliza wenzake msimu mzima na kurekebisha uimbaji wake ulingane na wao. Ndege wengi hujifunza wimbo utotoni, kisha basi. Nyangumi mwenye nundu huendelea kujifunza maisha yake yote.

Halafu likaja tukio la Australia. Mashariki ya bara lile, upande wa Bahari ya Pasifiki, Michael Noad na wenzake walikuwa wakirekodi nyangumi wanaopita pwani. Mwaka 1996 walisikia nyangumi wawili tu, kati ya waimbaji wote waliowarekodi, wakiimba wimbo usiofanana hata kidogo na ule wa wenzao. Walipoutafuta ulikotoka, wakaukuta magharibi mwa Australia, katika Bahari ya Hindi, ambako ulikuwa wimbo wa kawaida wa jamii ya huko. Mwaka 1997 waliouimba waliongezeka. Kufikia 1998 wimbo wa zamani ulikuwa umekwisha kabisa upande wa mashariki. Kila mwimbaji alikuwa ameshika ule mpya. Wageni wawili kutoka Bahari ya Hindi, na jamii nzima ikaacha wimbo wake. Makala yao ya mwaka 2000 iliyaita hayo mapinduzi ya kiutamaduni.

Ellen Garland akaenda mbali zaidi. Mwaka 2011, yeye na wenzake walikusanya rekodi za miaka 11 kutoka jamii sita za nyangumi wa Pasifiki ya Kusini, na ramani iliyojitokeza ilikuwa na mwelekeo mmoja: nyimbo zilianzia mashariki mwa Australia, zikaenda New Caledonia, zikafika Tonga, zikaendelea hadi Polynesia ya Ufaransa, daima magharibi kwenda mashariki. Uchunguzi wa mwaka 2022 ukazikuta nyimbo za Polynesia zimeshafika hadi Ecuador, huko Amerika ya Kusini. Nyangumi wenyewe hawahami kwa wingi namna hiyo. Kinachohama ni wimbo.

Sisi tunalijua jambo hili. Beni ilizuka pwani ya Kenya, huko Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, vijana wakiiga bendi za kijeshi za Wazungu na kuzigeuza ngoma ya mashindano ya mitaa. Ikafika Tanganyika na vikundi vyake vya Marini na Arinoti, na katika Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi wakaibeba hadi Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo, kilichotoka mwaka 1975. Hakuna serikali iliyoamuru beni ienee. Kundi lililosikia kwamba mji wa jirani una ngoma mpya halikukubali kubaki nyuma. Ushindani ulidai upya, na wakati huohuo ulidai kufanana, kwa sababu huwezi kumshinda mpinzani kwa ngoma asiyoijua. Naamini mvutano huohuo ndio unaoendesha wimbo wa nyangumi: dume anayeimba tofauti kabisa hahesabiwi, na anayeimba kama jana anapitwa.

Yapo mambo mawili madogo yaliyofuata ambayo kwangu ni makubwa. La kwanza: mwaka 2017 Garland na wenzake walieleza nyimbo chache za mchanganyiko, zilizonaswa wakati mwimbaji alikuwa bado anahama kutoka wimbo wa zamani kwenda mpya. Alihama wapi? Pale ambapo beti za nyimbo mbili zinafanana kwa sauti. Mpiga udi au kinanda anayetaka kutoka wimbo mmoja kuingia mwingine bila kuwashtua wachezaji hutafuta mahali palepale. La pili: mwaka 2018 Jenny Allen na wenzake walipima nyimbo za mashariki mwa Australia katika kipindi cha miaka 13. Kadiri wimbo ulivyogeuzwa mwaka hadi mwaka ndivyo ulivyozidi kuwa mgumu, mapambo juu ya mapambo. Mapinduzi yalipotokea, wimbo mpya ulikuwa mwepesi kuliko ule ulioachwa. Kisha nao ukaanza kupambwa. Wazee wa taarabu asilia, waliokasirika taarabu ya kisasa ilipoingia na vinanda vyake vya umeme, wangeyatambua mawimbi haya mara moja.

Kuna watu wanaotaka kuthibitisha udugu wa nyangumi na binadamu kwa hesabu za sauti. Makala moja iliyotoka katika Science mwaka 2001, ambayo Roger Payne alikuwa mmoja wa waandishi wake, ilisema kwamba nyangumi hupanda na kushuka kwa hatua zinazokaribiana na za skeli zetu, ingawa wana uwezo wa kwenda popote. Inawezekana. Mimi siegemei sana hapo, kwa sababu skeli za binadamu wenyewe hazilingani: za marimba za Wachopi wa Msumbiji si za kinanda cha kanisani, na maqam za Kiarabu zilizolea taarabu zina sauti ambazo kinanda hicho hakina. Skeli ni desturi ya mahali.

Kinachonishika zaidi ni kazi iliyotoka Februari 2025. Inbal Arnon, Ellen Garland, Simon Kirby na wenzao walichukua rekodi za miaka minane kutoka New Caledonia wakazichambua kwa njia iliyobuniwa kutokana na watoto wachanga. Mtoto asiyejua neno hata moja husikia usemi mfululizo, na hutambua mpaka wa neno pale ambapo sauti inayofuata ni ngumu kuitabiri. Walipoukata wimbo wa nyangumi kwa kanuni hiyo, walipata vipande vichache vinavyotokea mara nyingi mno na vipande vingi vinavyotokea mara chache, kwa uwiano uleule unaopatikana katika lugha za binadamu. Hawakusema kwamba nyangumi wanazungumza. Walisema, na ndipo nilipofurahi, kwamba kitu chochote kinachopokezwa kwa kusikilizana, kutoka kizazi hadi kizazi, huelekea kupata umbo hilo kwa sababu ndilo linaloshikika kwa urahisi na mwanafunzi. Kufunzwa kwenyewe kunauchonga wimbo. Viumbe wawili ambao mababu zao waliachana makumi ya mamilioni ya miaka iliyopita, mmoja akaenda baharini na mwingine akapanda mti, wamefikia umbo moja kwa sababu wote wanapokea.

Mtauliza, basi wanaimba kwa nini? Madume huimba msimu wa kupandana, hivyo wimbo una kazi katika uzazi. Na madume wengine huusikia na mara nyingi huja kumkabili mwimbaji. Mwaka 2023 Rebecca Dunlop na Celine Frere walionyesha kwamba nyangumi wa mashariki mwa Australia walipoongezeka, kutoka takriban 3,700 mwaka 1997 hadi takriban 27,000 mwaka 2015, madume walipunguza kuimba, wakazidisha kupigana na kuwafuata majike moja kwa moja. Baadhi ya watu husoma hayo na kusema kumbe si muziki, ni biashara ya ndoa tu. Hoja hiyo ni dhaifu. Nyimbo zetu ngapi zimetungwa kwa ajili ya harusi, kwa kumposa mtu, kwa kumrushia mpinzani vijembe? Kazi ya wimbo haiufuti uwimbo wake.

Sasa, binadamu walifanya nini walipousikia? Mwaka 1970 Roger Payne alitoa santuri ya nyimbo za nyangumi, nayo ikauzwa kwa wingi usiotarajiwa. Januari 1979 jarida la National Geographic lilibandika santuri laini ndani ya kila nakala, zaidi ya nakala milioni 10. Tukirudi mwaka 1970, mwezi wa Juni, bendi kuu ya New York Philharmonic ilipiga utunzi wa Alan Hovhaness uliochanganya sauti za nyangumi na ala za okestra. Mwaka 1971 George Crumb alitunga Vox Balaenae kwa ajili ya filimbi, selo na piano zilizounganishwa na vipaza sauti. Wapigaji watatu huvaa vinyago vyeusi vya nusu uso, na mpiga filimbi huimba ndani ya filimbi huku akiipuliza.

Ninaiheshimu kazi ya Crumb, lakini yeye na Hovhaness walichukua rangi ya sauti ya nyangumi wakaliacha umbo lake. Kurudia kwake, uvumilivu wake, ubeti unaogeuka sehemu moja tu kati ya kumi: hayo hawakuyagusa. Aliyenigusa zaidi ni mwimbaji Judy Collins, aliyeimba mwaka 1970 wimbo wa zamani wa Kiskoti, Farewell to Tarwathie, bila ala, juu ya sauti za nyangumi peke yake. Wimbo huo ni wa karne ya 19, wa mtu anayeaga nyumbani kwenda kuwinda nyangumi. Mwindaji na mwindwa, kila mmoja na wimbo wake, wamesimama pamoja, na Collins hakuongeza neno la kuwahukumu. Santuri na nyimbo hizo zilichangia kuamsha watu. Mwaka 1972 mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm ulitaka uwindaji wa kibiashara usimamishwe, na mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga kura kuusimamisha. Kufikia hapo, nyangumi wenye nundu zaidi ya 200,000 walikuwa wameuawa katika nusu ya kusini ya dunia ndani ya karne moja.

Mwaka 1977 Marekani ilirusha vyombo viwili vya Voyager kwenda anga za mbali, vikiwa na santuri ya dhahabu yenye salamu katika lugha 55. Kati ya salamu hizo ziliwekwa sauti za nyangumi wa Bermuda. Kiganda kimo. Kiswahili hakimo. Nyangumi wametutangulia.

Na muziki wa binadamu nao umelipa deni kwa njia ambayo watu hawaijui. Mei 1984 Katy Payne alikuwa amesimama karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi hewa ikitetemeka kifuani bila kusikia kitu. Mwili wake ukakumbuka. Akiwa msichana aliimba kwaya katika kanisa la chuo kule Cornell, na kinanda kikubwa cha mabomba kiliposhuka kwenye sauti zake za chini kabisa, hewa ilitetemeka namna ileile. Akarudi na mitambo, na kweli: tembo walikuwa wakizungumza kwa sauti za chini kuliko masikio yetu yanavyoweza kusikia. Kazi hiyo ikampeleka Amboseli, Kenya, kwa mtafiti wa tembo Joyce Poole. Mtu aliyefunzwa na kwaya na nyangumi ndiye aliyewasikia tembo wetu.

Nimalizie kwenye maji yetu. Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Oktoba hivi, nyangumi wenye nundu hutoka bahari ya Antaktika wakapita Msumbiji hadi Mtwara, Unguja, Pemba na Watamu, majike wengine wakiwa na ndama. Tangu 1979, kwa pendekezo la Shelisheli, Bahari ya Hindi ni hifadhi ya nyangumi ambamo uwindaji wa kibiashara hauruhusiwi. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Salvatore Cerchio ilitangaza wimbo wa nyangumi buluu ambao haukuwa umewahi kuelezwa, uliosikika kaskazini-magharibi mwa Madagaska na pia Oman. Njia ya majahazi ya babu zetu, ndugu zangu, ina wimbo chini yake.

Oman wapo pia nyangumi wenye nundu wasiohama. Hukaa Bahari ya Uarabuni mwaka mzima, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 unaonyesha kwamba walitengana na wenzao takriban miaka 70,000 iliyopita. Wana wimbo wao, tofauti na ule wa nyangumi wa upande wetu wa kusini-magharibi. Mwaka 1965 na 1966 meli za Kisovieti ziliua zaidi ya 200 kati yao kinyume cha sheria. Waliobaki Oman wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Wanaoimba ni madume tu, kwa hiyo mapokeo yale yote yamo vinywani mwa madume wachache wanaoweza kuhesabika kwa majina.

Chusa si tishio kuu tena. Kelele ndizo tishio. Sauti hukimbia majini karibu mita 1,500 kwa sekunde na hufika mbali sana, iwe ya nyangumi au ya injini. Utafiti wa Elemans ulionyesha kwamba sauti za kikoromeo kile zinaangukia palepale mngurumo wa meli ulipo. Huko Ogasawara, Japani, watafiti walikuta kwamba meli ikipita karibu, nyangumi hunyamaza. Kaskazini mwa Angola, mwaka 2008, Cerchio na wenzake walihesabu waimbaji wakati meli za kutafuta mafuta zikipiga milipuko ya hewa kwenda chini ya bahari, na kadiri milipuko ilivyokuwa mikubwa ndivyo waimbaji walivyopungua. Sisi tuna gesi kwenye kina kirefu mbele ya Mtwara na Lindi, na jirani zetu wa Msumbiji wanayo zaidi.

Kwa hiyo nina maombi, na nayatoa kwa wanaohusika. Wanaotoa vibali vya utafiti wa gesi wauweke nje ya miezi ya Julai hadi Oktoba, kalenda inaruhusu. Waongoza watalii wa Watamu, Nungwi na Kizimkazi wazime injini wanapomkuta jike na ndama, wasimfukuze kwa ajili ya picha. Vyuo vya muziki vya pwani vinunue haidrofoni, ambayo bei yake si kubwa kuliko gitaa zuri, na wanafunzi waishushe kutoka kwenye ngalawa kila msimu, mahali palepale, waandike tarehe, wahifadhi rekodi kwa mpangilio, kama wanavyohifadhi kanda za taarabu na ngoma. Manahodha mlio hapa mnajua wanapopita na saa wanazopita. Wanafunzi wapo safu ya nyuma. Naomba msiondoke kabla ya kupeana namba za simu.